Kutuma makala kwenye jarida la anthropolojia ya lugha: hatua kwa hatua, tangu dondoo hadi prufu

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Makala iwe na maneno mangapi? Jarida lipi linafaa? Sura ya tasnifu naweza kuituma kama ilivyo? Mhakiki akiandika kwamba haoni hoja, anataka nini hasa? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuchagua jarida hadi kusahihisha prufu, yaani nakala ya makala iliyokwisha kupangwa unayopewa uikague kabla haijachapishwa. Nachukulia kwamba data tayari unayo: umerekodi watu wakizungumza, umekaa nao, umeandika madaftari ya uwandani, na sasa unataka kazi isomwe na wenzako wa fani.

Katika fani hii makala husimama au huanguka kwa dondoo zake, yaani vile vipande vya mazungumzo unavyomwekea msomaji mbele ya macho. Nadharia unaweza kuijenga upya ukiambiwa ni dhaifu, marejeo unaweza kuyaongeza kwa siku mbili, lakini dondoo isiyoonyesha kitu haina dawa. Ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote, na hatua za mtindo na marejeo nimezipitia mbiombio.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rekodi za sauti au video ambazo wahusika waliridhia zitumike kwenye machapisho. Ridhaa ya kurekodiwa peke yake haitoshi.
- Barua au namba ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kama taasisi yako ina utaratibu huo.
- Dondoo tatu hadi tano ambazo umeshazinukuu (yaani umeshayaandika maneno yaliyorekodiwa) na kuzisikiliza tena na tena.
- Makala nne au tano za miaka ya karibuni kutoka jarida unalolenga, ulizozisoma mpaka mwisho.
- Maelekezo kwa waandishi ya jarida hilo, yaliyopakuliwa sasa hivi. Hubadilika, usitegemee nakala ya rafiki yako ya mwaka juzi.
- Namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja. Ina tarakimu 16, haina malipo, na mifumo mingi ya kupokea miswada huiomba.
- Programu ya kutunza marejeo. Zotero ni ya bure na inatosha.
- Fonti ya Yunikodi (mfumo wa kimataifa wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta) yenye alama zote za kifonetiki, kwa mfano Charis SIL au Doulos SIL.
- Msomaji mmoja wa nje ya mada yako ambaye haoni haya kukwambia "hapa sikuelewa".

Hatua ya 1: Chagua jarida kabla ya kuandika toleo la mwisho

Wengi huandika kwanza, halafu ndipo wanatafuta pa kutuma. Matokeo yake ni makala isiyozungumza na mtu yeyote. Kila jarida lina mjadala wake unaoendelea, na mhariri anaposoma ukurasa wa kwanza anatafuta mahali ambapo wewe unaingia.

Journal of Linguistic Anthropology lilianza mwaka 1991. Ni la Society for Linguistic Anthropology, kitengo cha American Anthropological Association, na linataka ethnografia (maelezo ya maisha ya watu yanayotokana na kukaa nao) na nadharia vishikane: ukiwa na takwimu za matamshi bila maisha ya watu nyuma yake, hapo si pako. Language in Society, ambalo Dell Hymes alilianzisha mwaka 1972, liko karibu zaidi na isimujamii na hupokea kazi za aina nyingi kuhusu lugha katika maisha ya jamii. Signs and Society, la tangu 2013, linaegemea semiotiki, yaani taaluma ya ishara. Anthropological Linguistics lilianzia Indiana University mwaka 1959 na limechapisha sana kuhusu lugha za wenyeji wa mabara ya Amerika, pamoja na maelezo ya kisarufi yanayofungamana na utamaduni. Kama mchango wako mkubwa ni namna ulivyorekodi na kuhifadhi lugha iliyo hatarini, tazama Language Documentation & Conservation, ambalo lote husomwa bure.

Kipimo cha haraka: fungua orodha yako ya marejeo. Kama hakuna hata makala moja ya miaka ya karibuni kutoka jarida unalotaka kulitumia, ama umelichagua kwa sababu ya jina tu, ama hujalisoma. Yote mawili mhariri atayaona.

Onyo: usitume muswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Huo ni ukiukaji wa maadili ya uchapishaji, na uwanja wetu ni mdogo. Mhakiki mmoja anaweza kuombwa na majarida yote mawili asome kitu kile kile.

Onyo jingine: majarida ya kitapeli. Dalili zake ni barua pepe ya kukusifu usiyoiomba, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, bodi ya wahariri wasiojulikana kwenye fani, na ada inayotajwa baada ya "kukubaliwa". Jarida halali linaloendeshwa kwa usajili kwa kawaida halimtozi mwandishi kitu. Ada huja ukichagua makala yako iwe wazi kwa kila msomaji, na hapo uliza kwanza kama kuna msamaha au punguzo kwa nchi yako. Kwa majarida yanayosomwa bure, anza kwa kuangalia kama yamo kwenye orodha ya DOAJ (Directory of Open Access Journals).

Hatua ya 2: Andika hoja yako kwa sentensi mbili

Sentensi ya kwanza iseme watu gani wanafanya nini kwa lugha. Ya pili iseme jambo hilo linabadilisha nini katika uelewa wetu wa lugha na jamii. Ukishindwa, rudi kwenye data kabla hujaandika aya nyingine.

Tuseme umerekodi darasani ambako lugha mbili huchanganywa. "Walimu na wanafunzi huchanganya lugha" ni taarifa, tena msomaji anaijua. "Kuchanganya kunasaidia mawasiliano" ni taarifa yenye sifa njema. Hoja inaanza pale unapoonyesha kwamba mchanganyiko ule ule ukitoka kinywani mwa mwalimu husikika kama ustadi wa kufundisha, na ukitoka kwa mwanafunzi husikika kama uvivu, na kwamba tofauti hiyo inatengenezwa hapo hapo darasani, kwa kukosolewa, kucheka na kunyamaza. Sasa una kitu cha kuwaambia wanaoandika kuhusu itikadi za lugha, yaani imani za watu juu ya lugha na wanaoizungumza, na umejua ni dondoo zipi za kutafuta.

Kosa la kawaida: kuchukua istilahi nzito ya nadharia na kuibandika juu ya data. Kutaja udokezi (indexicality), kufutwa (erasure) au usajili wa kijamii (enregisterment) mara ishirini hakumridhishi mhakiki. Istilahi mbili zinazofanya kazi zinatosha.

Hatua ya 3: Vunja sura ya tasnifu

Sura haitumwi ilivyo. Iliandikwa ili kuwathibitishia watahini kwamba umesoma, ilhali msomaji wa jarida anachukulia kwamba umesoma na anataka kujua umepata nini.

Futa mapitio ya maandishi yote, kisha rudisha yale tu ambayo hoja yako haiwezi kusimama bila hayo. Mara nyingi zitabaki kurasa mbili. Futa "katika sura iliyotangulia". Historia ya eneo ibaki aya mbili au tatu zinazomwezesha msomaji kuelewa dondoo. Majarida mengi ya fani huweka ukomo wa maneno 8,000 hadi 10,000 hivi. Angalia kama marejeo na dondoo vinahesabiwa ndani yake, maana hapo ndipo watu hukwama siku ya kutuma.

Hatua ya 4: Tengeneza dondoo

Anza kwa kuchagua. Dondoo nzuri ina tukio ndani yake: mtu anamsahihisha mwenzake, anacheka mahali pasipotarajiwa, anabadili lugha katikati ya sentensi, anajinyamazia badala ya kujibu. Dondoo ambayo mtu mmoja anaeleza maoni yake kuhusu lugha ni halali, lakini makala yenye hizo tu ni makala ya mahojiano, na utaulizwa watu hao hufanya nini wasipohojiwa.

Sikiliza tena kipande ulichochagua ukiwa na programu inayokuonyesha muda. ELAN ya Max Planck Institute for Psycholinguistics inafaa kwa video na wasemaji wengi, kwa sababu kila msemaji unampa safu yake. Praat, ya Paul Boersma na David Weenink, ni ya sauti: itumie ukihitaji kupima kituo au kuona kiimbo. Zote mbili ni za bure. Unukuzi ulioufanya harakaharaka uwandani utakuta una makosa, hasa pale wanapozungumza wawili kwa mkupuo.

Kisha amua kiasi cha undani. Mwanaanthropolojia wa lugha Elinor Ochs alieleza tangu mwaka 1979 kwamba kunukuu ni kuteua, na kuteua huko tayari ni nadharia, kwa hiyo lazima ujue kwa nini umeweka kitu na kuacha kingine. Kama hoja yako inategemea vituo na kuingiliana kwa sauti, tumia mfumo wa kunukuu wa Gail Jefferson, mchambuzi wa mazungumzo: mabano ya mraba kwa maneno yanayopishana, sekunde ndani ya mabano kwa kituo, nukta pacha kwa sauti iliyovutwa, alama ya sawasawa pale usemi unapoungana na mwingine bila pengo. Kama hoja ni uchaguzi wa lugha tu, alama hizo zote zitamchosha msomaji bure. Weka zile unazozitumia, na ufunguo wa alama uwe kwenye tanbihi ya kwanza au kiambatisho.

Mpangilio wa ukurasa:

- Kila mstari uwe na namba, na kila msemaji awe na jina la bandia au herufi moja isiyobadilika makala nzima.
- Lugha asilia ije kwanza na tafsiri iwe chini au pembeni. Usiweke tafsiri peke yake. Kuna waandishi wanaodhani wanaokoa nafasi kwa kufuta maneno asilia. Kwa jarida la fani hii hapo umeondoa ushahidi wenyewe.
- Tumia jedwali lisilo na mistari, usipange kwa kubonyeza nafasi mara kumi. Faili ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine nafasi zitahama na mabano ya kupishana yataonyesha uongo.
- Kama lugha zinachanganywa, zitofautishe kwa mlazo au herufi nzito. Usitumie rangi, kwa sababu toleo la kuchapwa huenda likawa jeusi na jeupe.

Uchambuzi wa mofimu (vipande vidogo vya neno vyenye maana) weka pale tu ambapo mofimu ndiyo inayobeba hoja. Hapo fuata kanuni za Leipzig za kuandika maana ya kila mofimu chini yake, zilizoandaliwa na Bernard Comrie, Martin Haspelmath na Balthasar Bickel. Kanuni inayokiukwa mno ni ya ulinganifu: ukiandika a-li-ki-som-a, umeweka vipande vitano, basi mstari wa pili, ule wa maana, nao uwe na vipande vitano vilivyotengwa kwa vistari vile vile. Kikipungua kimoja, mhakiki mwanaisimu hatakusamehe, na ataanza kutilia shaka mengine.

Sasa linalowashinda wengi: baada ya dondoo, ifasiri. "Kama inavyoonekana hapo juu" halafu aya mpya si ufasiri. Taja mstari wa 4, sema nini kinatokea pale, sema mstari wa 6 unakijibuje, sema kwa nini mzungumzaji hakuchagua njia nyingine iliyokuwepo. Maelezo yakiwa mafupi kuliko dondoo yenyewe, ama dondoo ni ndefu mno ama hujaisoma vya kutosha. Mimi hupenda jaribio hili: mfunikie mtu maelezo yako, mpe dondoo peke yake, muulize anaona nini. Asipoona chochote karibu na unachokidai, tafuta dondoo nyingine.

Hatua ya 5: Sema data ilipatikanaje, na nani alishiriki

Aya mbili. Ulikuwa wapi na kwa muda gani, ulirekodi nini, mahojiano yalikuwa kwa lugha gani, wewe unaijua lugha hiyo kwa kiwango gani, na watu walikuchukuliaje: mwalimu, mgeni, mtoto wa jirani, mtu wa serikali? Hili la mwisho linaathiri kila neno lililorekodiwa, usiliache.

Aliyekusaidia kunukuu na kutafsiri atajwe, kama mwenyewe anaridhia. Kama alichangia uchambuzi pia, zungumzeni kuhusu kumfanya mwandishi mwenza kabla ya kutuma, maana kubadili orodha ya waandishi baadaye ni shughuli pevu.

Majina ya bandia yafanane na majina ya watu wa pale, kwa dini, rika na cheo. Herufi za kwanza zisifanane na za jina halisi. Picha za video zinaweza kugeuzwa michoro ya mistari ili uso usitambulike, na majarida mengi yanakubali. Ujumbe wa mitandao ya kijamii una hatari yake: ukinukuu neno kwa neno, yeyote anaweza kuutafuta na kumpata mwenyewe. Omba ruhusa, au fupisha na eleza maudhui.

Hatua ya 6: Kichwa, ikisiri na maneno msingi

Viandike mwisho. Ikisiri kwa kawaida ni maneno 100 hadi 200: tatizo, data, hoja, na kinachobadilika kwa fani. Usiweke marejeo humo. Usimalizie kwa "matokeo yatajadiliwa", yaseme. Maneno msingi yawe yale ambayo mtafutaji angeyaandika, pamoja na jina la lugha. Baadhi ya majarida hupokea ikisiri ya pili kwa lugha ya wahusika. Itumie nafasi hiyo ikiwepo, kwa sababu ni sehemu pekee ya makala ambayo waliokusaidia wataisoma bila mkalimani.

Hatua ya 7: Mtindo na marejeo

Majarida ya American Anthropological Association hufuata mtindo wa Chicago wa mwandishi na mwaka. Mengine yana mtindo wake. Panga Zotero itumie mtindo unaotakiwa, halafu kagua kwa macho, kwa sababu programu haijui kwamba umeingiza jina la mwandishi kinyumenyume. Kila aliyetajwa ndani awe kwenye orodha, na kila aliye kwenye orodha awe ametajwa ndani.

Hatua ya 8: Ficha jina lako

Uhakiki mwingi ni wa kutojuana: wewe humjui mhakiki, naye hakujui. Kuondoa jina kwenye ukurasa wa kwanza ni mwanzo tu. Mengine ni haya:

- Shukrani, jina la mfadhili na namba ya kibali viende kwenye ukurasa wa kichwa, unaopakiwa kama faili ya peke yake.
- Kazi zako za awali zitaje kama za mtu mwingine: "Fulani (2019) anaonyesha", siyo "kama nilivyoonyesha". Maelekezo mengine hutaka uandike "Mwandishi 2019". Fuata ya jarida lako.
- Sifa za faili. Programu ya kuandikia huhifadhi jina lako ndani ya hati, pamoja na majina ya walioweka maoni pembeni. Tumia kitufe cha kukagua hati na kuondoa taarifa binafsi, kisha funga, fungua tena na uhakikishe.
- Jina la faili lenyewe. Ni ajabu ni wangapi huficha kila kitu kisha hupakia faili yenye jina la ukoo na mwaka.

Kama umefanya utafiti katika kijiji kimoja kwa miaka mingi, mhakiki anayejua eneo atakutambua tu. Usiharibu ethnografia yako kwa kuificha mno.

Hatua ya 9: Barua kwa mhariri

Nusu ukurasa. Kichwa cha makala, hoja kwa sentensi mbili zile za hatua ya 2, kwa nini inawafaa wasomaji wa jarida hili, na tamko kwamba haijachapishwa wala haiko mezani kwa jarida jingine. Mahali palipo na toleo la awali, kwa mfano tasnifu iliyowekwa kwenye hazina ya chuo, sema. Usisimulie shida zako, usimsifu mhariri, usieleze kwamba unahitaji makala hii ili upandishwe cheo.

Hatua ya 10: Pakia

Wachapishaji wengi hutumia ScholarOne au Editorial Manager, au mfumo wao wenyewe wenye hatua zinazofanana. Tenga muda wa kutosha usiokatizwa. Utaombwa aina ya makala, ikisiri, maneno msingi, waandishi wote na taasisi zao, mfadhili, tamko la mgongano wa maslahi, na tamko kuhusu data. Kwa data ya watu inaruhusiwa kusema kwamba rekodi haziwezi kuwekwa wazi kwa sababu ya faragha ya wahusika. Ziko hazina gani na nani anaweza kuziomba, hilo lieleze.

Mara nyingi utaulizwa kama umetumia akili unde. Jibu kweli. Msimamo ambao kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, iliutoa mwaka 2023 ni kwamba chombo cha namna hiyo hakiwezi kuwa mwandishi, na kwamba mwandishi aeleze alivyokitumia. Kuhusu kunukuu sauti kwa programu ya aina hiyo, kumbuka pia kwamba rekodi za watu huenda zikatua kwenye seva ya kampuni bila wao kujua.

Ukiombwa kupendekeza wahakiki, taja watu wanaoijua lugha au eneo, na wengine wanaoijua nadharia. Msimamizi wako na waandishi wenza wako hawafai.

Mwishoni mfumo utatengeneza PDF. Isome yote, siyo ukurasa wa kwanza tu. Alama za kifonetiki, namba za mistari na mabano ya dondoo ndivyo vinavyoharibika hapo.

Hatua ya 11: Subiri, kisha jibu wahakiki

Mhariri kwanza huamua kama atapeleka kwa wahakiki au atairudisha mwenyewe. Ikipelekwa, miezi kadhaa ni jambo la kawaida. "Sahihisha kwa kiasi kikubwa na uwasilishe tena" ni habari njema hata ikiwa barua ina kurasa sita za lawama. Makala nyingi zilizochapishwa zilipita hapo, kwa hiyo usiikimbie kwa kupeleka jarida jingine.

Iache barua ipoe, kisha tengeneza jedwali: maoni ya mhakiki kushoto, ulichofanya kulia, pamoja na ukurasa. Kila maoni yapate jibu, hata la koma. Unaruhusiwa kukataa, ila toa sababu kutoka kwenye data. Mhakiki aliyeielewa vibaya dondoo yako amekupa taarifa muhimu: maelezo yako yalimwacha njiani. Rekebisha maandishi, usimfundishe yeye ndani ya barua.

Mambo yakikwama

Alama za kifonetiki zinatokea kama visanduku vitupu. Fonti haikupachikwa ndani ya faili, au ulitumia fonti ya zamani isiyo ya Yunikodi. Badilisha maandishi yote kuwa Charis SIL, pachika fonti, pakia upya. Ikishindikana, pakia PDF yako kama faili ya ziada na umwarifu mhariri.

Maneno yamezidi ukomo kwa 1,500. Usipunguze neno hapa na neno pale. Toa dondoo moja nzima pamoja na uchambuzi wake, kwa kawaida ile inayorudia ilichoonyesha nyingine.

Umekataliwa ndani ya wiki moja kwa sababu "haifai kwa jarida hili". Ni suala la hatua ya 1. Rekebisha utangulizi uingie kwenye mjadala wa jarida jingine kabla ya kutuma. Utangulizi ule ule utapata jibu lile lile.

Hali ya muswada haijabadilika kwa miezi minne au mitano. Mwandikie mhariri mistari mitatu ya adabu ukitaja namba ya muswada. Hakuna anayechukia swali hilo. Mara nyingi kinachochelewesha ni kwamba wahakiki wawili walioombwa wamekataa na wa tatu hajajibu.

Wahakiki wawili wanapingana. Chagua njia inayoimarisha hoja, ieleze kwa mhariri waziwazi, na kama barua ya mhariri haikusema aegemee upi, muulize kabla ya kuanza kusahihisha.

Mhakiki ameandika kwamba lugha "inahitaji mzungumzaji mzawa". Tafuta kwanza anazungumzia sentensi zipi. Mara nyingi tatizo ni aya mbili tatu zenye istilahi nyingi mno, na kuzifupisha kunatosha. Ukimpa mtu akusahihishie, mkataze kugusa dondoo na tafsiri zake: msahihishaji wa lugha hupenda kunyoosha usemi wa watu, na usemi uliopinda ndio data yako.

Mhusika mmoja ameondoa ridhaa wakati makala iko kwa wahakiki. Mwarifu mhariri mara moja, ondoa dondoo yake, weka nyingine au punguza dai lililoitegemea. Ikitokea baada ya kuchapishwa mambo huwa magumu zaidi, kwa hiyo waonyeshe wahusika dondoo zao kabla ya kutuma inapowezekana.

Prufu zimefika na unapewa siku chache. Usianze kuandika upya. Kagua vitu ambavyo mpangaji hawezi kuvijua: toni na alama za juu ya herufi, mpishano wa mabano, mlazo unaotofautisha lugha, namba za mistari zinazotajwa kwenye uchambuzi, tahajia ya majina ya lugha na ya waliokusaidia. Mpangaji akigawa dondoo kati ya kurasa mbili na tafsiri ikabaki peke yake juu ya ukurasa unaofuata, andika pembeni kwamba vikae pamoja.